Semina ya siku moja haitoshi

Umeuliza kama kumleta mtaalamu afanye semina ya siku moja itatosha kumaliza ubaguzi wa rangi hapo kazini kwenu, mi naona hapana, semina sio mbaya ila watu wanasikiliza, wanapiga makofi, kesho yake njia za kuajiri ni zile zile. Anzeni na data zenu wenyewe, nani anaitwa intavyuu, nani anapandishwa cheo, nani analipwa ngapi kwa kazi ile ile na nani anaacha kazi mapema, yote hayo myatenganishe kwa rangi alafu muone. Kuna utafiti wa wanauchumi wawili, Bertrand na Mullainathan, uliotoka 2004, walituma sivii karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago, Marekani, sifa zinalingana, tofauti ni majina tu, na zile zenye majina yanayosikika ya kizungu zikajibiwa kama asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Sasa semina itasaidia nini kama anayechambua sivii bado anaona jina? Ficheni majina, maswali ya intavyuu yawe yale yale kwa kila mtu na maksi ziandikwe kabla hamjaanza kujadiliana.

Na jamani msimbebeshe mfanyakazi mmoja mweusi kazi ya kuwafundisha wengine wote, tena bure juu ya majukumu yake, hii inaumiza sana. Kazi hiyo apewe kiongozi mwenye mamlaka na bajeti, na malalamiko yasipitie kwa bosi yule yule anayelalamikiwa.