Eti Mbudya hamna kitu?

Wiki iliyopita msomaji ameniandikia: "Kaka, nimeenda kisiwa cha Mbudya, hamna kitu. Mchanga, chipsi na muziki tu." Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo.

Nikamuuliza alifika saa ngapi. Saa nane mchana, Jumapili, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na saa hiyo yanajaa. Sasa hapo angeona nini? Hapa Dar bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Waogeleaji wananuna kwamba bahari imekimbia. Mimi ndiyo saa yangu: mwamba uko wazi, viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, vimelala kwenye vidimbwi, na ndege wanachokonoa matope. Chukua viatu vya mpira, ile miiba myeusi haina huruma.

Ila kilichonifunga na kisiwa kile ni kaa wa nazi. Mchana hajitokezi, anajificha kwenye mashimo ya mawe. Nililala pale kwenye hema, na usiku mzee mmoja anayekaanga samaki akaniita taratibu: "Mwanangu, njoo na tochi, usikanyage majani." Kaa alikuwa juu ya gogo, wa rangi ya zambarau iliyoiva, gando nene kuliko mkono wangu. Mkubwa hufika kilo nne, na ingawa alizaliwa baharini, ukimtumbukiza majini sasa atakufa. Nilichuchumaa mpaka magoti yakafa ganzi.

Ofisini niliposimulia waliniita Bwana Kaa. Mwaka mzima! Mmoja akaniuliza mbele ya bosi kama alikuwa mtamu kwa ndimu. Leo hao hao wananiomba niwapeleke, nami nawapeleka, lakini sijasahau.

Kwa hiyo angalieni mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya likizo. Laleni huko mkiweza. Zimeni spika. Na jamani, acheni kubeba makombe na kumwinua kiti cha pweza apigwe picha! Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, yaani hifadhi za bahari, tangu 1975, kile kiingilio unachonung'unikia si cha ufukwe wa kuchezea. Angalieni mwezi, narudia.

Boti zinatoka Kunduchi. Elewana na nahodha saa ya kukufuata kabla hujashuka, hasa miezi ya kusi, ule upepo wa kusini. Alasiri upepo ukikaza mtarudi mmelowa mpaka simu.