Usiwatumie Demo Wakubwa, Watafute wa Rika Lako

Kwa miaka mitatu nilituma demo, yaani sampuli za muziki wangu. Kila Jumatatu usiku nilikaa na orodha ya kampuni za gemu, nikachagua tano, nikaandika barua pepe ya heshima na kuambatisha vipande vinne vya muziki nilivyovitunga mwenyewe. Majibu niliyopata yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na yote yalikuwa ya kunikatalia kwa adabu. Niliamini kasoro iko kwenye muziki, kwa hiyo nikazidi kununua sauti za ala na kurekodi upya. Kumbe nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba ambazo hakuna hata mmoja aliyenijua.

Vijana wanaotaka kuingia kwenye muziki wa gemu, au kwenye ubunifu wa gemu zenyewe, huniuliza swali lile lile: nianzie wapi? Wengi wao wako pale pale nilipokuwa mimi. Wanawatazama waliokwisha kufika, wanawaandikia, wanasubiri, na huku nyuma miezi inakwenda.

Mimi nilitoka hapo kwa saa 48. Kuna mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Ludum Dare yalianza 2002, na Global Game Jam yamekuwapo tangu 2009. Mada inatangazwa, saa inaanza kuhesabu, na muda ukiisha unaonyesha ulichonacho. Nilijiunga na watu wawili nisiowafahamu, mmoja mwandika programu na mwingine mchoraji. Gemu yetu ilikuwa ya dakika nne tu, mhusika wake alikuwa akikwama kwenye kuta, na muziki wangu ulijirudia kwa namna iliyokera. Lakini ilikwisha. Mtu aliweza kuifungua, kuicheza na kuifunga. Katika miaka yangu mitatu ya demo sikuwahi kumaliza kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukitumia.

Sisi watatu tukafanya tena, na tena. Baada ya mwaka na nusu yule mwandika programu akaajiriwa kwenye studio ndogo, na walipohitaji mtu wa muziki hakutangaza nafasi yoyote. Alinipigia simu. Alijua kwamba nikisema Ijumaa ni Ijumaa, na kwamba nikiambiwa kipande hakifai sinuni. Hayo mawili hakuna demo inayoweza kuyaonyesha.

Wapenzi wa Kiswahili wanaujua wimbo Baba Yetu wa gemu ya Civilization IV, iliyotoka 2005, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Watu husimulia ushindi huo, lakini mimi navutiwa zaidi na jinsi kazi ilivyomfikia mtunzi, Christopher Tin. Mbunifu mkuu wa gemu ile, Soren Johnson, waliwahi kukaa naye chumba kimoja chuoni Stanford. Hakuna anayeweza kusema alipendelewa, maana wimbo wenyewe unajieleza. Ila mlango ulifunguliwa na mtu wa rika lake, aliyemfahamu kabla yeyote kati yao hajawa na jina.

Kwa hiyo mtafute mwandika programu ambaye naye hajulikani, na mchoraji ambaye naye anatafuta wa kumpa kazi. Mko ngazi moja, mnahitajiana, na mtapanda pamoja.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wanamuziki wazuri wengi wanaposhindwa. Muziki wa gemu si wimbo. Wimbo una mwanzo, kilele na mwisho, na msikilizaji anafuata unakompeleka. Kwenye gemu anayeamua ni mchezaji. Ukitunga kipande cha sekunde 90 na mchezaji akakwama kwenye hatua moja kwa nusu saa, atakisikia mara 20. Ile melodia uliyoipenda mara ya kwanza itakuwa adhabu kufikia ya tano. Nimejifunza kuacha nafasi: vifungu virefu visivyo na melodia, mdundo usiodai kusikilizwa. Kabla ya kukabidhi kipande chochote nakiacha kijirudie saa nzima nikiwa nafanya shughuli nyingine. Kikinikera mimi niliyekitunga, hakitoki.

Kuna pia mambo madogo ya kiufundi ambayo hukuaibisha usipoyajua. Faili la MP3 huongezewa ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni linapotengenezwa, na muziki unapojirudia unasikika kama umekata pumzi. Nilikabidhi gemu nzima hivyo, na mchezaji ndiye aliyenieleza. Tumia faili za aina ya Ogg au WAV, ambazo haziongezewi ukimya huo. Vilevile, sauti za onyo ndani ya gemu lazima zisikike juu ya muziki, kwa hiyo uliza mapema ziko kwenye masafa gani ya sauti, juu au chini, uyaache wazi kwenye muziki wako.

Halafu jifunze FMOD au Wwise, programu zinazounganisha muziki na matukio ya gemu. Zote mbili unaweza kujifunza bila kulipa. Humo unaugawa muziki katika matabaka ya kasi moja na ufunguo mmoja: nyuzi peke yake mchezaji anapotembea, ngoma zinaingia adui anapokaribia, kisha zinafifia. Mtunzi anayeweza kufanya hivyo mwenyewe anampunguzia mwandika programu siku nzima ya kazi, na mtu aliyepunguziwa kazi hawezi kukusahau.

Kwa wanaotaka kubuni gemu, si muziki, nina neno fupi. Mbunifu ndiye anayeamua kanuni: mchezaji anaruhusiwa nini, anapoteza nini, na kwa nini aendelee. Anza na karatasi, dadu na rafiki mvumilivu. Kanuni isiyofurahisha mezani haitafurahisha kwenye kioo. Ukishaona inafanya kazi, injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2014. Tengeneza gemu ya chumba kimoja, uimalize, utengeneze nyingine. Mawazo ya gemu kubwa yenye dunia nzima ndani yake yaandike kwenye daftari, yatasubiri.

Wengi hunijibu kwa kunitajia gemu ya Stardew Valley, kwamba Eric Barone aliitengeneza peke yake: muziki, michoro, programu. Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini ilimchukua zaidi ya miaka minne hadi ilipotoka 2016, na katika kipindi hicho alikuwa na kazi ya muda ya kuwaelekeza watazamaji ukumbini. Hiyo sehemu ya pili ndiyo ninayotaka uishike. Usiache ajira yako kwa ajili ya gemu ya kwanza. Mimi nilibaki na kazi yangu ya mchana miaka mitano, na kodi ikiwa imelipwa niliweza kukataa mikataba mibaya.

Mmoja nilishindwa kuukataa. Nilikuwa na hamu ya jina langu kuonekana, nikasaini bila kusoma ukurasa wa tatu, na nikawa nimekabidhi haki zote za vipande kumi na moja kwa malipo ya mara moja. Leo siruhusiwi hata kuviweka kwenye albamu yangu. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa. Katika nchi za Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za ubunifu, hakimiliki inakuwa yako tangu unapotunga, bila kusajili popote, kwa hiyo swali ni moja tu: unaitoa kiasi gani, na kwa bei gani? Kuuza haki zote si kosa ikiwa malipo yanalingana. Kama fedha ni kidogo, omba ubaki na haki za muziki, na studio ipewe leseni ya kuutumia ndani ya gemu, na omba kifungu kinachokuruhusu kuuza albamu. Studio ndogo nyingi nilizofanya nazo kazi zilikubali ndani ya siku moja. Hazikuwa zimewahi kuombwa.