Mtoto aliyeumia kichwa na wenzake wa mtaani: jibu kwa dada wa Morogoro

Dada, pole kwa mkasa na hongera kwa uuguzi. Umeeleza kwamba mwanao wa miaka tisa alianguka kutoka mwembeni, akalazwa, akatoka akiwa anatembea na kula mwenyewe, na daktari akasema amepona; ila sasa anashinda sebuleni na televisheni kwa sababu wenzake hawamwiti, na akiitwa, mchezo huishia kwenye ugomvi. Binti yangu aligongwa na bodaboda hapa Tanga alipokuwa darasa la tatu, na hayo yote tumeyapitia.

Daktari wako hakukudanganya, nawe hujakosea. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo unaotenganisha hali ya mwili, shughuli ambazo mtu anaweza kuzifanya, na ushiriki wake katika maisha ya kila siku. Mtoto anaweza kuwa amepona katika jambo la kwanza, akajitahidi katika la pili, akakosa kabisa la tatu. Mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, aliyemhudumia binti yangu aliniuliza kwa utaratibu kuhusu nyumbani, mtaani na shuleni: ni mambo gani anayafanya pamoja na watoto wa rika lake, na kwa kiasi gani ukimlinganisha nao? Kwa kuosha vyombo na kufagia uwanja nilikuwa na majibu mazuri, lakini tulipofika kwenye kucheza sikuwa na la kusema.

Chukua mchezo wa rede. Wawili wanarushiana mpira wa soksi, na aliye katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mtoto anatakiwa autazame mpira, akumbuke chupa, asikie kelele za wenzake, na aamue upande wa kukimbilia, vyote kwa wakati mmoja. Ubongo ulioumia mara nyingi huchakata mambo polepole na huchoka upesi, kwa hiyo binti yangu, ambaye miguu yake haina kasoro, alikuwa anapigwa mpira wa kwanza kila zamu. Alipochekwa aliipiga chupa teke. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayosaidia kuzuia hasira na kusubiri zamu, na ikijeruhiwa, mtoto huonekana mkorofi au aliyedekezwa. Wenzake hawakumchukia, bali walichoka kuharibiwa mchezo.

Kilichotusaidia ni kuubadilisha mchezo kwanza, bila kungoja ubongo upone wote. Tulianza na mdako: kishimo kidogo, kokoto, watoto wawili au watatu walioketi chini, kila mmoja na zamu yake iliyo wazi. Nilimwita rafiki mmoja tu, mtulivu, wakati wa asubuhi binti yangu akiwa hajachoka, na niliwasimamisha wakiwa bado wanafurahi, kabla kichwa hakijaanza kumuuma. Mwenzake wa pili aliongezwa baadaye, na kurudi kwenye rede kulichukua muda mrefu. Hata huko alianza kwa kuhesabu pointi, kazi ambayo watoto wenyewe walimpa, nami nadhani hakuna mtu mzima ambaye angeibuni vizuri zaidi.

Watoto wa jirani pia waambiwe ukweli kwa maneno machache: kichwa kiliumia, kelele zinamchosha, akikasirika mpeni muda. Usipowaambia wewe, wataambiwa na watu wazima kwamba ana mashetani au kwamba maradhi yake yanaambukiza.

Shuleni, zungumza na mwalimu wa darasa. Kwa uzoefu wangu masomo hayakuwa tatizo kubwa kuliko mapumziko, maana hapo kuna makelele, hakuna utaratibu, na hakuna anayemwangalia. Tuliomba aanze kwa nusu siku, akae mbele, na apewe kazi ya kugawa madaftari, ambayo ilimlazimu kumwita kila mwenzake kwa jina. Madrasa, kwa mshangao wangu, ilikuwa rahisi zaidi. Nadhani ni kwa sababu wanasoma kwa sauti ya pamoja, na anayechelewa hubebwa na wengine.

Kuhusu usalama, kupanda miti, baiskeli na kupiga mpira kwa kichwa visirudi mpaka daktari aruhusu, kwa sababu pigo la pili kabla ya la kwanza kupona ni hatari. Akipata degedege, akitapika mfululizo au akilala kwa namna isiyo ya kawaida, mpeleke hospitali mara moja. Tena usishangae matatizo mapya yakijitokeza akiwa na miaka kumi na mitatu au minne. Sehemu ile ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi mtu apitapo miaka ishirini, na urafiki wa vijana hudai utani, siri na mipango ambayo mtoto wa miaka tisa bado hadaiwi. Kwa hiyo usiache kliniki kwa sababu tu mwaka huu mambo yametulia.

Hukutaja michezo aliyoipenda kabla ya kuanguka, wala rafiki aliyekuwa karibu naye zaidi. Tuandikie hayo, na kama rafiki huyo bado anaishi jirani, ili tukushauri pa kuanzia.