Mchuzi mkali Malindi, na hiyo Shela iliyokuchanganya

Ndugu yangu, umesema umehamia Malindi, umeambiwa mchuzi mkali uko Shela na huelewi kama upande boti ama bodaboda. Shela ziko mbili bwana. Moja ni ya Lamu, kisiwani, kama kilomita tatu hivi kutoka mji wa Lamu, na nyingine ni mtaa wa hapohapo Malindi, upande wa mji wa kale, kwa hivyo muulize huyo aliyekwambia kabla hujalipa nauli. Na hata Lamu yenyewe ni kaunti, ni kisiwa, ni mji, halafu wenyewe wanauita Amu. Malindi nayo iko mpaka Unguja, mtaa wa Mji Mkongwe, usicheke.

Sasa mchuzi. Hoteli za watalii sahau, wanapunguza pilipili wakiogopa mgeni atalia. Tafuta mama anayepika mchana tu, pale wanapokula mabaharia na vijana wa boda, fika kabla ya saa saba maana sufuria ikiisha imeisha. Uliza kama kuna samaki wa nazi, nguru ama changu. Utaona pilipili mbuzi nzima inaelea juu ya tui haijapasuka, hiyo inatoa harufu tu, ukali bado uko ndani, mwambie akuwekee hiyo kwenye sahani uipasue mwenyewe kidogokidogo. Ukizidiwa usikimbilie maji, kula wali wa nazi. Ukifika Amu, uliza mkate wa mofa, mchuzi wa nazi unaufaa sana.