Hali kitimoto, kifafa cha minyoo kakitoa wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbozi. Siku zote nahimiza watu waivishe nyama ya nguruwe ili waepuke minyoo inayoleta kifafa. Sasa kuna mama wa Kiislamu, hajawahi kuonja kitimoto, ameanza kuanguka. Hospitali wamempiga picha ya kichwa, wakamwambia ana mabuu ya tegu kwenye ubongo. Watu wananicheka, wanasema somo langu ni la uongo. Nimekosea wapi? Na nitajuaje kama elimu ninayotoa inasaidia, maana wagonjwa wa kifafa hawapungui?

Jibu: Marahaba. Somo lako si la uongo, ni nusu. Nusu uliyoiacha ndiyo iliyompata huyo mama.

Tegu wa nguruwe, yaani mnyoo bapa wa utumboni, anamwingia mtu kwa njia mbili, na kila njia ina ugonjwa wake. Ukila nyama yenye mabuu ambayo haijaiva, buu linakua utumboni hadi kuwa tegu mzima wa mita 2 hadi 7. Anaweza kukaa humo miaka, na mwenye naye mara nyingi hasikii chochote cha kumpeleka zahanati. Lakini akienda haja kubwa, kinyesi chake kinatoka na mayai maelfu kwa maelfu ambayo jicho haliyaoni. Anayemeza mayai hayo, iwe kwa mikono, kwa maji au kwa kachumbari, mabuu yanaanguliwa tumboni mwake, yanatoboa utumbo na kusafiri na damu hadi kwenye misuli, macho na ubongo. Kifafa kinatokea hapo. Nguruwe naye anapata mabuu kwa njia hiyohiyo, akila kinyesi cha binadamu.

Kwa maneno mengine, nyama mbichi inakupa tegu. Kinyesi cha mwenye tegu, mniwie radhi kwa lugha, kinakupa mabuu kichwani. Aliyemwambukiza huyo mama ni binadamu mwenzake. Huenda ni mtu wa nyumbani, huenda ni jirani aliyesaidia kupika kwenye msiba. Hata mwenye tegu anaweza kumeza mayai yake mwenyewe. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa wanne wa namna hii kutoka jamii ya Wayahudi wanaoshika dini, watu wasiogusa nguruwe kabisa. Chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu.

Kwa hiyo, mkutano ujao badili kauli. Kuivisha nyama kubaki, ila kuwe ni ujumbe kwa walaji na wauzaji. Kwa wauzaji usiishie kwenye jiko, angalia gogo la kukatia: kisu kilichokata nyama mbichi ndicho hicho kinachokata iliyoiva, kisha kinageuziwa kwenye nyanya na vitunguu vya kachumbari. Ujumbe wa choo na kunawa mikono ni wa kila mtu, msikitini, kwa Wasabato, shuleni, na hasa kwa wanaopika chakula cha wengi. Kibuyu chirizi kiwe karibu na choo na sabuni iwepo. Chenye maji bila sabuni nimekiona mara nyingi, wala hakinifurahishi.

Upande wa wafugaji, mimi siamini kwamba shida yao ni kutojua. Azimio la Ottawa la mwaka 1986, la mkutano wa Shirika la Afya Duniani, liliweka wazi kuwa kukuza afya kunahitaji sera na mazingira, si mafundisho peke yake. Mfugaji anajua nguruwe akizurura anakula vinyesi, lakini mahindi yakishavunwa anamfungulia kwa sababu pumba ni za kununua. Kipimo cha ulimi nacho wanakijua: nguruwe analazwa, mti unapachikwa mdomoni, ulimi unavutwa kwa kitambaa na kupapaswa chini yake kutafuta vinundu. Vikikosekana haimaanishi nyama ni salama, maana mwenye mabuu machache ulimi wake huwa laini. Vikipatikana, mwenye mali anaona hasara ya nguruwe mzima, na nguruwe anaweza kuishia kuchinjwa usiku na nyama kuuzwa kwa bei ya chini. Hapo vipeperushi havifui dafu. Kaa na afisa mifugo na serikali ya kijiji mzungumzie sheria ndogo ya kufuga bandani, na dawa ya nguruwe iitwayo oxfendazole, ambayo huua mabuu kwenye misuli. Nyama ya nguruwe aliyepewa dawa isiliwe mpaka siku alizotaja afisa mifugo ziishe.

Kuhusu kupima mafanikio, usihesabu wagonjwa wa kifafa. Kati ya kumeza mayai na kuanguka mara ya kwanza inaweza kupita miaka, kwa hiyo wanaoanguka leo huenda waliambukizwa kabla hujaanza kazi. Pia si kila kifafa ni cha tegu. Hesabu nguruwe waliofungiwa kipindi cha kiangazi, vyoo vinavyotumika kweli (njia ya kwendea ikiwa na majani, ujue hakitumiki), na sehemu za kunawia zenye sabuni. Idadi ya waliohudhuria mkutano inapendeza kwenye ripoti tu.

Nyumba ya huyo mama ianze. Familia yote, pamoja na wanaowapikia mara kwa mara, waende zahanati wakaulizwe kama wamewahi kuona vipande vyeupe bapa vya tegu kwenye choo, na wapimwe. Albendazole ya dozi moja, ile wanayopewa watoto shuleni, si ya kutegemea kwa tegu. Dawa inayotumika ni praziquantel, lakini usiigawe wewe: kwa mtu mwenye mabuu kwenye ubongo inaweza kuamsha degedege. Yeyote anayeanguka, au anayeumwa kichwa kikali kisichoisha, aonwe na daktari kabla ya kumeza kidonge hicho.