Maswali ya Wasomaji: Chujio la Masizi la Lori

SWALI: Ninaendesha lori kubwa la dizeli. Taa ya chujio la masizi huwaka mara kwa mara, nguvu ya injini hupungua, na kila fundi anapoliunguza chujio kwa kutumia kompyuta, taa huzimika kwa siku chache kisha hurudi. Dereva mwenzangu ananishauri nilifungue nilioshe kwa maji ya presha na sabuni. Je, nimfuate?

JIBU: Usimfuate. Chujio hilo ni la kauri, nalo hukaa kwenye njia ya moshi wa ekzosi ili kunasa masizi. Ndani yake hukusanyika vitu viwili tofauti, na kinachoondoa kimoja hakiondoi kingine. Cha kwanza ni masizi, yaani kaboni ya dizeli ambayo haikuungua yote, na hayo hugeuka kuwa gesi chujio linapopata joto la nyuzi 550 hadi 650 za Selsiasi hivi, ambayo ndiyo kazi anayoifanya fundi wako kwa kompyuta. Cha pili ni majivu, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na oili ya injini: oili kidogo inapoungua ndani ya silinda, madini yaliyomo katika viambato vyake, kama kalsiamu, magnesiamu na zinki, hubaki na kunaswa katika vijia vyembamba vya kauri. Majivu hayo hayaungui, hata ukiliunguza chujio kutwa nzima. Yakijaa, nafasi ya masizi hupungua, na ndiyo sababu mojawapo ya taa kurudi upesi.

Maji ya bomba la kuoshea magari hayayatoi majivu hayo, bali huyalowesha yakawa tope ambalo likikauka hung'ang'ania kama saruji, na presha yake yaweza kuharibu kauri pamoja na mkeka unaoishikilia ndani ya gamba la chuma. Zipo mashine za karakana zinazosafisha kwa maji na kisha kulikausha chujio kwa utaratibu maalumu, lakini hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Hata hivyo, usikimbilie kulifungua chujio kabla fundi hajatafuta chanzo. Taa inayorudi baada ya siku chache mara nyingi inaashiria ugonjwa wa injini yenyewe: nozeli ya dizeli inayovuja, tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) inayopitisha oili, au kipozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini kinachovujisha maji. Sensa inayolinganisha presha ya moshi kabla na baada ya chujio nayo hudanganya ikiwa mirija yake ya mpira imeziba au imepasuka, na kuikagua ni kazi ndogo ambayo, kwa maoni yangu, ingetangulia nyingine zote. Ukisafisha chujio na kuiacha tabo ikivujisha oili, utakuwa umelipia kazi ambayo utairudia.

Chanzo kikishapatikana, chujio hutolewa na kupelekwa kwa wenye vifaa. Fundi makini huweka kwanza alama ya upande unaoingia moshi, hulipima uzito, na huangalia uso wa upande wa kutokea: masizi meusi yakionekana hapo, kauri imepasuka au kuyeyuka, na hakuna usafishaji utakaoiponya. Likiwa zima, hupulizwa hewa kuanzia upande wa kutokea ili majivu yarudi yalikoingilia, huku mashine ikiyafyonza, kwa maana vumbi hilo ni hatari kwa mapafu na halipaswi kupulizwa hadharani kwa kompresa. Kama bado limeziba, huwekwa katika tanuri linalopandishwa joto polepole kwa saa nyingi, kwa sababu joto la ghafla huipasua kauri, kisha hupulizwa tena. Dai karatasi yenye uzito na mtiririko wa hewa wa kabla na wa baada, kwani chujio linaweza kung'aa kwa nje likiwa limejaa ndani. Wakati wa kulirudisha, gasketi ziwe mpya, na hesabu ya majivu katika kompyuta ya injini irudishwe sifuri, la sivyo kompyuta itaendelea kuamini kwamba chujio limejaa.

SWALI: Nifanye nini ili chujio lisizibe mapema?

JIBU: Tumia oili yenye majivu machache inayotajwa katika kitabu cha gari, na dizeli yenye salfa kidogo sana. Punguza kuacha injini ikiunguruma bila mzigo, maana moshi wake huwa baridi mno kuweza kuunguza masizi. Na lori likianza lenyewe kuunguza masizi ya chujio njiani, usilizime kabla halijamaliza. Ukilazimika kuunguza ukiwa umeegesha, chagua mahali pasipo majani makavu wala watu karibu na bomba la ekzosi, kwa kuwa moshi unaotoka wakati huo una joto la kuweza kuwasha moto.