Maafa yakitokea: uanzie wapi, na nani atalipa?

Mvua zikianza, maswali huwa yaleyale. Haya manne nimeyajibu kwa pamoja.

Maji yakijaa mtaani usiku, nimwite nani? (Kilosa)

Kama kuna mtu amenasa, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Kisha mwenyekiti au mtendaji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, na uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Lakini pita ofisi ya mtendaji kiangazi hiki uulize: wajumbe wa kamati yetu ni akina nani? Tukimbilie shule ipi, na ufunguo wake anao nani? Ukiambiwa "njoo kesho", umeshajibiwa.

Nyumba yangu ikibomoka, serikali itanilipa? (Bukoba)

Usiitegemee. Kinachotolewa ni msaada wa kibinadamu, si fidia. Wewe wa Bukoba unakumbuka tetemeko la 10 Septemba 2016, watu 17 wakafa. Michango ilikusanywa, wengi wakasubiri mgao. Januari 2017 Rais Magufuli akaja kusema waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Alisema fedha ni za kurudisha miundombinu ya umma. Sasa tazama Hanang, mkoani Manyara. Tope liliposhuka mlimani tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80, waliopoteza makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100. Sisemi wa Hanang wamependelewa, walistahili. Ninachosema ni kwamba aliyebomokewa hana pa kusoma mapema atapata nini, na hilo ndilo Bunge lingepaswa kulifunga kwa maandishi.

Je, Zanzibar nayo iko chini ya Waziri Mkuu? (Chake Chake)

Hapana. Kwenu kuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, ni bahati nasibu tu, sivyo? (Mafia)

Wa Mafia unauliza hivyo! Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa siku kadhaa kabla, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na kikaishiwa nguvu hapohapo kwenu tarehe 4. Soma daraja la taarifa. Wakitoa angalizo, fuatilia redio. Ikiwa tahadhari, ngalawa ibaki pwani. Ikifika tahadhari kubwa na uko bondeni, wahamishe watoto na wazee kungali mchana.